Muulize Salima

Tulimzika Dokta Kasereka siku ya Jumanne, watu wachache kuliko aliostahili, kwa sababu barabara ya Butembo imefungwa na ndugu zake wengi walibaki upande wa pili wakilia kwenye simu. Mji uko mikononi mwa watu wengine tena. Sisi wa Goma tumezoea. Tunalala chini ya bendera hii tunaamka chini ya ile, na mwenye kuuza makala, mkaa wetu wa kupikia, anaendelea kuuza makala. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa uani kwake kwenye kiti cha plastiki, karibu na sufuria za sombe, majani ya muhogo, nikiwaangalia wanawake wakimenya viazi na kusengenya kwa sauti ya msiba, yaani ya chini lakini ya kusikika. Rafiki yangu mmoja wa zamani alikuwa amekuja na kidumu cha maziwa, nao walikuwa wakimuuliza ameyapata wapi siku hizi ambapo kutoka Masisi hakushuki hata chupa. "Mie sisemake ng'ombe yangu iko wapi," akawajibu. Wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wako matangani, wakarudia viazi vyao.

Hapo akaja Dokta Neema, binti mdogo aliyefanya kazi na marehemu miaka yake ya mwisho, naye ndiye sasa anayebaki na wagonjwa wote wa kansa. Alikuwa na daftari lenye jalada la kijani, limefungwa kwenye plastiki. Nililitambua kabla hajalifungua. Mimi mwenyewe nililipigia mistari kwa rula, nikiwa na miaka ishirini na miwili na bila kitu kingine cha kujivunia zaidi ya mwandiko mzuri. "Mama Salima," akasema akichuchumaa mbele yangu, "kuna hospitali ng'ambo inataka kujua bamama wa kwetu wenye walimeza vile vidonge waliishi muda gani. Mpaka leo dawa nyingi zinapimwa ku batu wasiofanana na sisi. Nimejaza karibu wote. Huyu njo amenishinda." Akaweka kidole. Numero arobaini na moja. Jina: Masika. Kabila: Nande, lakini neno hilo limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko mbaya wa Dokta, maneno mawili: Muulize Salima. Safu ya mwisho, ile ya hali ya mgonjwa, ilikuwa tupu. Nikamwambia anipe muda nimalize chai, maana kuna mambo mutu hawezi kuyasema na mkate mdomoni.

Mwaka wa daftari hilo kwangu hauanzii Januari. Unaanzia Ramadhani, miezi miwili kabla mlima haujapasuka, katika kituo kidogo cha afya pale Murara, nyumba ya mbao yenye vyumba vinne na paa lililokuwa likilia mvua ikinyesha. Waasi walioungwa mkono na Rwanda ndio waliokuwa serikali. Walitoza kodi, walitoa vibali, na walikaa mlangoni mwa kila kitu chenye mlango. Kazi yangu ilikuwa mapokezi. Nilikaa nyuma ya dirisha dogo, nikiandika fishi, yaani kadi, ya kila mgonjwa, halafu nikitoa kichwa nje na kuita jina kwa nguvu, kwa sababu baraza ilikuwa imejaa na watoto walilia. Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Kwetu jina si jina tu. Ukiita Kavira, ukiita Bahati, ukiita Furaha na lile jina la pili linalofuata, baraza nzima imeshajua mwenye jina anatoka mlima gani, baba yake analima au anafuga, na katika vita hivi yuko upande wa nani, hata kama maskini hana upande wowote zaidi ya ule anaolalia.

Dokta Kasereka alikuwa na jambo lake moja, nalo lilimkaa rohoni mchana kutwa. Alikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa cha magonjwa ya titi, na siku za mwanzo alikifungua mezani akaniita. "Angalia, Salima. Unaona nini?" Niliona picha za matiti, nikaona haya, nikainamisha uso. "Usiniletee haya yako hapa. Unaona rangi gani?" Yote yalikuwa meupe. Ukurasa baada ya ukurasa, hakukuwa na hata moja la kufanana na la mama yangu. "Kitabu kinasema ngozi inakuwa nyekundu. Nyekundu ya wapi? Mama wa Rutshuru akikuja hapa na ugonjwa umeiva, mie nitangoja mpaka awe mwekundu?" Akanifundisha kugusa kwa mgongo wa mkono kuona joto, kutazama ngozi inapong'aa kupita kawaida au inapokuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake. Alinipa chungwa nilishike nikiwa nimefumba macho, nijue ngozi ya titi gonjwa inavyodidimia vinyweleo kama ganda lake. Lilikuwa chungwa zuri, na mimi nimefunga. Nililishika kwa uchungu kabisa.

Kwa hiyo alifungua daftari la kijani. Kila mwanamke mwenye uvimbe, alimkata kipande kidogo, akakiweka kwenye kichupa cha dawa, na mfanyabiashara mmoja wa Bunagana alikipitisha mpaka Uganda, kutoka huko kikapanda ndege kwenda kwa profesa wake wa zamani huko Ulaya, ambaye alikipima bure. Vitabu vilisema vidonge fulani, rahisi tu, vya kumeza nyumbani, havina faida kubwa kwa wanawake weusi. Dokta alikuwa akiuliza swali moja, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, hata kwa Kinande akiwa peke yake ananawa mikono: "Nani amepima wa Kivu?" Alitaka kila kitu kiandikwe: umri, watoto wangapi, walinyonya muda gani, na kabila, kwa sababu profesa aliuliza kama ugonjwa unatofautiana kati ya watu wa milima na milima. Safu ile ya kabila niliipigia mstari mimi mwenyewe, na sikuiona ubaya wowote.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi. Alikuja mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, amejifunga kitenge cha kijani kilichofifia, mkono wake wa kulia umekaa chini ya titi la kushoto kama anabeba yai. Alipofika dirishani akanisalimu, nami papo hapo nikasikia sauti yake, kile Kiswahili cha wanaosema Kinyarwanda nyumbani, na si mimi peke yangu niliyesikia. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi, mdomo kama redio. "Sikia vile anatamka," akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti. "Ni babo njo banatuleteaka vita, halafu wakiumwa wanakuja kupanga mustari na sisi." Mwenzake akaguna. Mwanamke yule alisikia, hawezi kuwa hakusikia, lakini uso wake haukutikisika.

"Unaitwaka nani, mama?" nikamuuliza.

"Andika tu, mutoto wangu."

"Niandike nini?"

"Andika yenye unapenda."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua nikiliandika jina lake nitaliita, na nikiliita, ataondoka na uvimbe wake kabla sijamaliza kulitamka. Nilikuwa msichana wa Kiislamu, watu wa Maniema, vita vile havikuwa na jina langu ndani yake; ni rahisi kuwa jasiri kwa mambo ya wenzako. Nikainama karibu na dirisha nikamnong'oneza, "Nitakuita Masika. Nikiita Masika, weye njo utasimama." Kwa nini Masika? Kwa sababu kwa Wanande kila binti wa kwanza anaitwa Masika, na Goma ilikuwa imejaa mabinti wa kwanza. Ukitupa jiwe sokoni limempata Masika. Nilitaka kumficha kwenye umati. Na kwa kuwa jina lilidai kabila, nikashuka mpaka kwenye safu ile nikaandika: Nande. Nimefunga, midomo mikavu, na nimeandika uongo mara mbili kwenye karatasi moja. Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Nilipoita Masika alisimama polepole, akapita. Yule mama wa ndizi akapigwa na butwaa, maana alikuwa ameshatoa hukumu. Akamrushia salamu ya Kinande, kumjaribu. Mwanamke akashika shavu akakunja uso. Nikatoa kichwa dirishani: "Mumuache, anaumwa na jino pia!" "Munande gani asiyeitika salamu?" "Mwenye aliolewa mbali," nikasema. "Na weye, mama, hizo ndizi zako zinaiva au zinaoza?" Baraza ikacheka, na mambo yakapita. Dokta alimtoa uvimbe juma lililofuata, kipande kikaenda zake Bunagana, na mimi ndiye niliyemfunga kidonda kila siku ya pili kwa muda wa majuma mawili. Hakuwa mwanamke wa maneno. Mara moja tu, nikiwa nabadilisha bandeji, aliniambia kwamba maziwa hayaharakishwi, mwenye haraka anamwaga siagi. Aliniambia pia anaishi kwenye nyumba za mbao nyuma ya soko, na ana watoto wanne. Tulimwambia arudi baada ya miezi miwili kusikia majibu.

Mlima haukungoja miezi miwili. Ya volkano yameelezwa na wengi, na kila mutu wa Goma ana yake. Mimi nakumbuka vitu vidogo. Nakumbuka supu ya ndagala iliyokuwa jikoni kwa jirani, tuliiacha inachemka. Nakumbuka moto ukija barabarani bila haraka, kama muzee anayejua mtamngojea tu, na watu wakitembea mbele yake na magodoro kichwani kuelekea Gisenyi. Dokta alitoka na daftari la kijani kwapani na kitabu kinene mkononi. Fishi zote, sanduku zima, nilizisahau mimi. Tuliporudi siku chache baadaye, mawe bado yalikuwa moto, soli za viatu zikanata kama ubani uliotafunwa. Kituo hakikuwepo. Hakikuwa kimebomoka, hakikuwepo, na mahali pa baraza palikuwa na mwamba mweusi juu kuliko paa la zamani. Nyumba za nyuma ya soko pia, zote. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kwa sababu ya dirisha langu dogo, ujinga kabisa, watu wamepoteza watoto na mimi nalilia dirisha.

Tulianza tena katika darasa la shule ya parokia, ubaoni bado kuna vitenzi vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyethubutu kuvifuta. Ilikuwa karibu na Pasaka bahasha ilipofika kutoka Bunagana, na ndani yake, pamoja na barua ya profesa, sanduku dogo la vidonge. Dokta alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena. Numero arobaini na moja. Ni kansa. Lakini ni ile aina inayosikia vidonge, tena inasikia sana. Profesa aliandika kwamba mgonjwa arudishwe kwenye meza ya upasuaji haraka, titi liondolewe lote, na aanze vidonge mara moja. Asipofanya hivyo mwaka huo, hakuahidi mwingine. Alitoa vidonge vya miezi sita kutoka mfukoni mwake. "Salima!" Dokta akaita, na sijawahi kumwona mutu mzima akifurahi vile kwa habari mbaya. "Wa Kivu wanasikia dawa! Na tena angalia, ni wa kwetu. Masika. Munande kabisa!"

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Lakini alikuwa anacheka, ananipiga bega, na mimi nilikuwa nalipwa kwa kazi hiyo na nyumbani tulikuwa tumelala kwenye turubai. Nikafunga mdomo. Alituma ujumbe Butembo, mji wa Wanande, kwa padri anayemfahamu, akatangaza kwenye redio, kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwamba Masika aliyetibiwa Murara anatafutwa na daktari wake. Juma moja likapita. La pili likapita. Sanduku la vidonge lilikaa kwenye droo ya meza ya mwalimu, na kila nilipovuta droo kuchukua kalamu niliona herufi zake, na kila nilipoona nilihesabu siku zilizobaki za mwaka. Chakula kilinishinda. Mama yangu alifikiri ni mapenzi, akaanza kuuliza kijana ni wa nani.

Kisha likaja jibu la padri. Dokta alinisomea tukiwa tunakula mchana, viazi na avoka kwenye dawati la watoto, magoti yetu yakigonga mbao. Kina Masika kumi na wawili walikuwa wamekwenda parokiani baada ya misa, wote wazima, wote wakishika matiti yao kwa woga, na mmoja hakuacha kulia hata alipoambiwa si yeye. Hapo sikuweza tena.

"Dokta, yule mama haiko Munande."

"Haiko Munande vipi? Umeandika weye mwenyewe. Hizi ni herufi zako."

"Na Masika haiko jina lake. Mie njo nilimupa."

Aliweka kiazi chini. Nilimweleza yote, benchi, muuza ndizi, jino. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Unajua kazi yangu ni nini?" akauliza mwishowe. "Mie natafuta ukweli mu mwili wa mutu. Kipande kile kimevuka bahari nane sijui tisa, kikasema kweli. Karatasi yako ikasema uongo. Na mie, mujinga, nikafurahi eti ni wa kwetu."

Sijui nilipata wapi ulimi. "Na ningeandika kweli, Dokta, angebaki kwenye benchi? Hata kipande usingekipata. Ile safu ya kabila njo weye uliitaka. Mu hiki kipindi unauliza mutu kabila lake mbele ya batu makumi mbili, halafu unataka akwambie kweli?"

Nikajua nimefukuzwa, nikaanza kukusanya mabaki ya viazi ili angalau niondoke na adabu. "Keti," akasema. "Jina lake la kweli ni nani?"

"Sijue. Hakunipa."

"Basi utamutafutaka vipi?"

Waliochomewa nyumba za nyuma ya soko walipelekwa kambini Mugunga, hilo nililijua. Nilikwenda kwa lifti ya lori la mchanga na kwa miguu. Njiani nilipanga kuuliza hema kwa hema, lakini nilipofika, nikatazama yale mahema juu ya mawe mpaka macho yakachoka, nikaelewa nilivyofanya. Nikiita Masika watatoka kina Masika wa kweli. Nikieleza sauti yake, namwonyesha kidole yule ambaye nilidanganya ili asionyeshwe kidole. Nilikuwa nimemficha vizuri mno. Nikakaa kwenye jiwe nikafikiri, na wazo lililokuja lilikuwa dogo hata nikaona aibu: siwezi kumtafuta, lakini naweza kujiweka nitafutwe. Kila mwanamke wa kambi lazima aje kwenye maji.

Kesho yake nilivaa blauzi yangu nyeupe ya kazi, nikasimama kando ya robine, bomba la maji, tangu asubuhi, bila daftari, bila kusema kitu. Watoto walidhani nimeleta sindano; wakakimbia, wakarudi, wakakimbia. Siku ya pili msimamizi wa kambi akaniuliza nagawa nini. "Sigawi kitu, papa, nangojea mutu." "Mutu gani?" "Akinijua ataniona." Akaondoka akitikisa kichwa. Siku ya tatu ilinyesha, nikasimama na mvua. Mama mmoja akanipa hindi la kuchoma akaniambia, "Binti, mwanaume wa hivyo haji." Siku ya nne nililia kidogo, nikasema moyoni, Salima, umemuua mutu kwa wema wako. Bado naamini nilistahili kuambiwa hivyo.

Siku ya tano kitenge cha kijani kilikuja katikati ya mstari, bido la maji la njano kichwani. Hakunitazama. Akachota maji polepole, akafunga bido kwa ganda la hindi, akapita karibu yangu na kusema kwa sauti ya mutu anayelaumu jua, "Wanakufukuza kazi juu yangu?"

"Hapana, mama. Dawa yako imefika."

"Dawa ya nani?"

"Ya Masika."

Akatua bido. Kumbe alikuwa ameisikia ile redio, siku ya kwanza kabisa, kwa jirani. "Nilisikia wananitafuta," akasema. "Nikajua wamejua nilidanganya. Nikawaambia watoto, tukiulizwa, sisi hatujawahi kuumwa." Kila tangazo la Dokta lilikuwa limemsukuma ndani zaidi ya hema lake. Aliniona tangu siku ya pili, akiwa kwenye mstari, akageuka. Siku ya tatu akaona nimelowa. "Nikasema, mwenye kuja kumufunga mutu hakubali kunyeshewa." Kisha akanishika mkono, mkono wake ulikuwa na baridi ya maji, akainamisha kichwa na kuniambia jina lake la kweli sikioni, taratibu, mara mbili, ili nisikosee. Ni jina zuri. Nililia kwa sauti mbele ya kambi nzima, na yule mama wa hindi akapiga vigelegele akidhani mwanaume amekuja.

Dokta alimpokea kwenye mlango wa darasa, akamsalimu kwa Kinyarwanda kibaya sana, naye akamsahihisha kabla ya kuketi. Kuna kitu kilikuwa kimebadilika nilipokuwa Mugunga. Mlangoni palikuwa na vibao vidogo vya mbao vyenye numero, kila mgonjwa anachukua chake na anaitwa kwa hicho. Nyuma ya pazia la kitenge kulikuwa na kiti kimoja, na mutu aliulizwa mambo yake hapo peke yake. Na kwenye fishi mpya safu ya kabila ilikuwa imeondolewa. Mahali pake Dokta aliandika swali ambalo alilitafuta siku zote tano: unalalisha mutoto na lugha gani? Alimuuliza yeye wa kwanza. Akafikiri, akacheka, mara yangu ya kwanza kuona meno yake, akasema wawili wa kwanza kwa Kinyarwanda, wa tatu kwa Kiswahili kwa sababu walikuwa wamekimbilia mjini, na wa mwisho kwa Kihunde, maana jirani aliyemlea alikuwa Muhunde. Dokta akaandika zote tatu, kalamu mbio, furaha ileile ya siku ya barua. Ni hapo alipofungua daftari la kijani, akakata lile neno Nande kwa wino mwekundu. "Na jina?" mwanamke akauliza kwa woga. "Jina ni lako, mama. Mie nahitaji ugonjwa. Jina bakia nalo." Akaniangalia, akaandika pembeni maneno yake mawili.

Hata leo wasomi wakija na mikutano yao wakauliza kwa nini watu wetu hawamo kwenye vitabu vya dawa, mimi hufikiria lile benchi. Wanasema wagonjwa wetu hawaeleweki, hawarudi, wanatoa habari za uongo. Ni kweli wanatoa. Mimi niliwahi kuwasaidia. Mutu hawezi kukupa mwili wake aupime mzungu wa mbali ikiwa jina lake tu linaweza kumfukuza barazani. Kwanza mpe mahali pa kukaa. Dokta alilijua hilo baada ya kina Masika kumi na wawili, nami nililijua kwenye mvua ya Mugunga, na wote wawili tulichelewa karibu mwezi mzima ambao haukuwa wetu kuupoteza.

Dokta Neema alisikiliza yote akiwa amechuchumaa mpaka miguu ikamfa ganzi, ikabidi nimpe kiti. Akaniambia hata sasa, tangu mji ubadilike, wagonjwa wameanza tena kutoa majina ya uongo mapokezini. Juma lililopita alikuwa na Bahati watatu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka alipoitwa. Tukacheka, kisha hatukucheka tena. Akafungua daftari kwenye safu ya mwisho, akatoa kofia ya kalamu. "Basi, mama, nisaidie nimumalize huyu. Jina la kweli?"

Nikatazama uani. Mlangoni, kijana wa wale wapya alikuwa amesimama na bunduki yake, ametumwa kuhesabu nani anakuja matangani. Wanawake walikuwa wamemaliza viazi, wanagombana kwa upole kuhusu chumvi. Rafiki yangu alikuwa anamimina maziwa kwenye vikombe, taratibu, bila kumwaga hata tone, na upande wa kushoto blauzi yake imelala bapa kama ilivyolala miaka yote hii. Mama mmoja mgeni akamuuliza anaitwa nani ili amshukuru. "Masika," akajibu, bila hata kuinua macho.

"Jina acha vile liko," nikamwambia Neema.

"Na hali ya mgonjwa?"

"Andika: anaishi. Halafu funga hilo daftari, anatuletea maziwa."